Je, madaktari wa jeshi la Marekani walikata miguu bila nusu kaputi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Babu yangu ana kisukari, na hospitali imeshauri akatwe mguu ambao umeanza kuoza vidoleni. Amekataa katakata, kwa sababu aliona filamu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ambamo askari wanakatwa miguu wakiwa macho, wameuma risasi. Je, ilikuwa hivyo kweli? Na daktari wa jeshi wa wakati ule siku yake ilipitaje?

JIBU: Marahaba. Haikuwa hivyo, na hadithi hiyo ya kuuma risasi imenichosha, kwa kuwa naisikia mara kwa mara kutoka kwa wagonjwa ambao mguu wao hauna muda wa kusubiri mabishano.

Etha, dawa ya usingizi inayovutwa puani, ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwezi Oktoba 1846, na mwaka uliofuata klorofomu, dawa nyingine ya aina hiyo, ikaanza kutumika Edinburgh. Vita vilipoanza mwaka 1861, nusu kaputi haikuwa ngeni tena kwa daktari wa upasuaji. Historia rasmi ya tiba ya jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Muungano, inataja upasuaji mkubwa wapata 8,900 ambao dawa yake ya usingizi iliandikwa, na katika visa vitatu kati ya vinne ilikuwa klorofomu, kwa sababu haikushika moto karibu na mshumaa na kiasi kidogo kilitosha. Vifo vilivyohesabiwa kuwa vya dawa yenyewe vilikuwa 43. Waliopasuliwa bila dawa yoyote katika kumbukumbu hizo ni 254. Hata Kusini, kwa majimbo yaliyojitenga, ambako manowari za Kaskazini zilifunga bandari na dawa zikawa adimu, Jenerali Stonewall Jackson alikatwa mkono na Dkt. Hunter McGuire usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 1863 akiwa amelazwa kwa klorofomu. Alifariki siku saba baadaye, kwa nimonia.

Picha ya mtu anayepiga kelele mezani ina chanzo chake. Dawa ilidondoshwa kwenye kitambaa kilichokunjwa kama faneli juu ya pua, na kabla usingizi haujakolea mgonjwa hupita hatua ya kuweweseka: hurusha miguu, huguna, hutukana, na wasaidizi humshikilia, ingawa akizinduka huwa hakumbuki kitu. Kwa kuwa madaktari walitafuta mwanga na hewa, mara nyingi walifanya kazi nje, juu ya mlango uliong'olewa na kuwekwa juu ya mapipa. Askari aliyepita njiani aliona vurugu hiyo, akaona na rundo la viungo pembeni, akaandika nyumbani alichodhani amekiona.

Waliwakata kwa nini? Risasi ya Minié, iliyotumika sana katika bunduki za vita hivyo, ilitengenezwa kwa madini laini ya risasi, nayo ilikuwa nzito, na ilipogonga mfupa ilibonyea na kuusaga vipande vipande, huku ikiingiza ndani nyuzi za suruali na udongo. Hakukuwa na eksirei wala antibiotiki. Kuukata mguu kulikuwa njia ya kuondoa kidonda kichafu kisichosafishika na kuacha kinachoweza kufungwa. Katika viungo vipatavyo 30,000 vilivyokatwa upande wa Kaskazini, takriban watatu kati ya wanne walipona, ijapokuwa waliokatwa pajani walikufa zaidi ya nusu. Waliokatwa ndani ya siku mbili za mwanzo walipona zaidi kuliko waliosubiri mpaka kidonda kikavimba na kutunga usaha.

Sisemi kwamba wote walikuwa mafundi. Mwanzoni mwa vita kila daktari alitaka kushika kisu, na wapo walioharibu. Ndiyo maana Dkt. Jonathan Letterman, mkuu wa tiba wa Jeshi la Potomac la Kaskazini, aliagiza mwezi Oktoba 1862 kwamba katika kila hospitali ya divisheni wapasuaji wawe watatu tu, waliochaguliwa kwa ustadi bila kujali cheo. Wengine wafunge vidonda na kuhudumia wagonjwa.

Kilichowaua majeruhi baada ya upasuaji ni uchafu wa mikono. Daktari alichokonoa kidonda kwa kidole, akapangusa kisu kwenye aproni, akakamua sponji ndani ya ndoo ya maji yaliyokwisha kuwa mekundu, kisha akaitumia sponji ileile kwa anayefuata. Usaha mzito ulihesabiwa kuwa dalili njema. Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alichapisha mafunzo yake kuhusu kuua vijidudu vya vidonda mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita kwisha. Kusini, nyuzi za hariri zilipoadimika, walishona kwa singa za mkia wa farasi, wakazichemsha ili zilainike, na kumbe walikuwa wakiua vijidudu bila kujua.

Ama siku ya kawaida, haikuwa ya msumeno. Asubuhi baragumu lililia, wagonjwa wakapanga foleni mbele ya hema: kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo, malaria, surua. Kwinini ilitolewa pamoja na wiski, na afyuni kwa matumbo. Mchana daktari makini alikagua vyoo, maji na majiko, akigombana na maofisa walioona jambo hilo halimhusu. Takriban theluthi mbili ya waliokufa vitani humo waliuawa na maradhi.

Na hapo ndipo palipokuwa na tiba ya hatari kuliko kisu. Kalomeli, unga wenye zebaki, ilitolewa kwa karibu kila ugonjwa, na wagonjwa walitiririka mate, meno yakang'oka, mashavu yakaoza. Mwezi Mei 1863 Daktari Mkuu wa jeshi la Kaskazini, William Hammond, aliiondoa katika orodha ya dawa za jeshi, na madaktari wengi wakamshambulia, kwa kuwa walikuwa wameizoea.

Mazoea hayo ninayaona leo. Kidonda cha kisukari kinafika hospitalini kimepakwa unga wa betri, majivu, asali iliyochanganywa na kitu ambacho muuzaji hataki kukitaja, na familia imeshalipa fedha nyingi kwa mtu aliyewaahidi kwamba mguu hautakatwa. Wauzaji hao ndio wanaosambaza habari za madaktari wachinjaji, maana woga wa mgonjwa ndio mtaji wao. Ninyi wanafunzi wa uuguzi msinyamaze mnapowasikia wodini au mtaani.

Mzee aulize hospitalini mambo mawili: kama damu inashuka vizuri mguuni, na kuoza kumefika wapi. Akiwahi, huenda ikatosha kuondoa kidole au sehemu ya mguu. Nyama nyeusi ikipanda na homa ikaanza, daktari hatakuwa tena na nafasi ya kuchagua mahali pa kukata. Kuhusu usingizi, mara nyingi atachomwa sindano ya ganzi mgongoni, atakuwa anaongea na muuguzi, na hatasikia maumivu ya kisu. Mpelekeni wiki hii.