Maswali na Majibu: Mkonge, Bandari na Soko la Huduma

Nafanya kazi kwenye korona, mtambo wa kusindika mkonge, huku Muheza. Habari za kufungua soko la huduma, yaani kuruhusu kampuni za nje kutoa huduma hapa nchini, zinanihusu nini?

Zinakuhusu sana, ndugu yangu. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zikishaanikwa na kupigwa brashi, robota la kilo 250 bado linahitaji lori, wakala wa forodha, bima, mpima ubora, benki ya kusimamia malipo, na meli. Kila mmoja anachukua chake. Duniani, takriban theluthi moja ya thamani ya bidhaa za viwandani zinazouzwa nje ni huduma za namna hiyo. Zikiwa ghali au za kusuasua, mwenye kiwanda huona afadhali auze singa tupu, wengine wakatengeneze mazulia na mbao za mchezo wa vishale. Mkonge uliingia nchini 1893, na mpaka leo sehemu kubwa ya faida yake inapatikana ng'ambo. Jambo hili linaniuma.

Bandari ya Tanga imeshachimbwa kuongeza kina. Haitoshi?

Imesaidia mno. Zamani meli zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwa matishari. Sasa zinafunga gatini. Lakini kontena likikwama yadi kwa sababu ya makaratasi, kina cha maji hakilisaidii kitu.

Kuna nchi iliyofungua ikafaidika?

India. Kuanzia miaka ya 1990 ililegeza masharti kwenye benki, simu, bima na uchukuzi. Watafiti waliofuatilia viwanda vyake walikuta ufanisi umepanda, vya wazawa na vya wageni, ingawa vya wageni vilinufaika zaidi. Hilo la mwisho tulizingatie.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Chumbageni, Tanga mjini. Wageni wakiingia, sisi tutakula wapi?

Hofu yako ina msingi, dada yangu. Ila kufungua soko si kuacha mlango wazi usiku kucha. Mkataba wa huduma wa Shirika la Biashara Duniani, uliopo tangu 1995, unairuhusu kila nchi kutaja sekta inazofungua na masharti yake. Soko huru la Afrika nalo limeanza na sekta tano: uchukuzi, mawasiliano, fedha, utalii na huduma za kibiashara. Kwa hiyo chama chenu kidai mapema ubia na mafunzo kwa vijana wa hapa, viandikwe kwenye masharti. Mkisubiri mpaka orodha ipitishwe, kuibadilisha ni kazi ngumu, maana nchi inayorudi nyuma hudaiwa fidia.

Tuanze na huduma ipi?

Uchukuzi na bima ya mizigo. Kiwanda kinazilipia kwa kila robota.