Fundi, Nichukue Viper ya 1992 au Corvette ZR-1 ya 1990?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimeendesha trela hapa Texas miaka 14, sasa nataka gari moja la Kimarekani la kuweka. Nimeonyeshwa mawili, Dodge Viper RT/10 ya 1992 na Corvette ZR-1 ya 1990. Nataka nilitoe Jumapili na mama watoto, na siku nikiliuza nisilie. Lipi? Na naweza kulipeleka Mombasa?
Baba Salma, Houston

JIBU: Marahaba, Baba Salma. Mombasa sahau. Yote mawili usukani uko kushoto, na Kenya inataka gari linaloingia liwe na usukani wa kulia na lisizidi miaka 8.

Sasa Viper. Umewahi kujaribu kuifungua? Mlango hauna kitasa nje. Unafungua zipu ya dirisha la plastiki, unapenyeza mkono, unapapasa kitasa ndani kama mwizi. Vioo vya madirisha hakuna, mifuko ya hewa hakuna, breki za ABS zinazozuia magurudumu kukwama hakuna. Kilichopo ni injini ya V10, yaani silinda kumi katika safu mbili zilizopangwa kama herufi V, ya lita 8 yenye nguvu za farasi 400. Lamborghini, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Chrysler, wenye Dodge, ilisaidia kuitengenezea bloku (mwili wa injini) ya aluminiamu. Eksosi inapita ubavuni, chini ya mlango. Nilishuka kwa haraka siku moja, na mpaka leo shavu la mguu wangu wa kushoto lina alama. Mama watoto akija na buibui, mtahadharishe mapema.

Za mwaka ule wa kwanza hazifiki 300. Kwa mtu wa kufungia gari stoo na kusubiri bei, mimi ningemwambia achukue hiyo.

Lakini wewe umesema Jumapili. ZR-1 unaiwasha, unawasha AC, unakwenda Galveston na kurudi bila kuumwa mgongo. Injini yake, LT5, ilisanifiwa na Lotus ya Uingereza na kuungwa Oklahoma na Mercury Marine, watu wa injini za boti: V8, vali 32, nguvu 375. Kuna hata kijiufunguo cha kupunguza nguvu, ukimwachia mtu gari lako.

Mbona basi bei yake si ya kutisha? Kwa macho inafanana mno na Corvette ya kawaida, na ya 1990 zilitoka 3,049, karibu nusu ya ZR-1 zote 6,939 za mpaka 1995. Ukipata ya 1993 kuendelea, nguvu ni 405 na kila mwaka zilitoka 448 tu. Ningeongeza pesa nichukue hiyo.

Shida yake ni vipuri, na jinsi vilivyofichwa. Stata imezikwa katikati ya V ya injini, chini ya manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini. Niliwahi kufumua yote hayo kwa siku nzima, kumbe waya wa betri umelegea. Mteja sikumtoza, na mke wangu bado ananikumbusha.

Kabla ya kulipa, soma namba ya chasisi: herufi ya nane iwe J, ndiyo ya LT5, usije ukauziwa Corvette ya kawaida. Kisha muulize muuzaji nozeli za kupulizia petroli zilibadilishwa lini. Zile za kiwandani haziwezi petroli ya siku hizi yenye ethanoli, koili zake zinakufa. Akijibu kwa fahari kwamba bado ni za kiwandani, hapo ndipo uanze kuomba apunguze.