Mirembe kila kanda? Kwanza dawa zifike zahanati

Mkuu mleta mada, umeuliza kwa nini serikali isijenge hospitali kama Mirembe, ile ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, kila kanda. Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili, baadaye mratibu wa wilaya, basi nitasema niliyoyaona.

Kwangu mimi, kinachoua huduma hii ni msamaha wa malipo usiofidiwa, yaani hospitali inatibu bure bila kurudishiwa gharama. Kisera, mgonjwa wa akili anatibiwa bure, sawa na wa kifua kikuu. Ila dawa za kifua kikuu zina mradi unaozilipia. Za akili zinagombea fungu moja na panadol na dripu. MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, ikikosa, hospitali inanunua kwa makusanyo yake, yaani hela za wanaolipa papo kwa papo na wenye bima. Mfamasia na mganga mfawidhi wakikaa kupanga oda, antibayotiki zinarudisha hela, haloperidol, dawa ya akili, hairudishi hata senti. Wewe ungeanza na ipi?

Nilikuwa na kijana wa kuchomwa Modeketi, sindano ya ugonjwa wa akili, kila wiki nne. Akiipata analima, anauza mkaa, anabishana mpira kijiweni. Siku moja ya kliniki mama yake akaambiwa dawa hakuna, anunue duka la nje. Hela hana. Tulipomwona tena kafungwa kamba nyuma ya pikapu. Hapo sasa, fedha zikapatikana! Mafuta ya ambulensi, posho ya dereva na wauguzi hadi Dodoma, halafu wiki kadhaa wodini, yote kwa serikali ileile iliyokosa kichupa kimoja.

Na kushusha huduma hadi zahanati si jambo geni, wakongwe wanakumbuka mpango wa miaka ya 1980 ulioanzia Morogoro na Kilimanjaro kwa msaada wa Denmaki.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaweza kusaidia, mradi kitita cha mafao ya bima kilipie dawa hizi hadi ngazi ya chini na asiye na uwezo achangiwe kweli, si kwenye makaratasi.

Kwetu tuliingia kwenye kikao cha mpango wa afya wa halmashauri na orodha ya rufaa za mwaka mzima, kila safari na gharama yake. Maneno ya huruma walishayazoea, hesabu ile hawakuwa wameiona. Dawa za akili zikapata kifungu chake. Kilidumu hadi mganga mkuu wa wilaya alipohamishwa, aliyemfuata akakiunganisha na "dawa nyinginezo".