Re: Video yangu watu wanaitazama mara moja tu
Sasa ndugu. Unasema video ya wimbo wako ina droni, magari ya kukodi na madensa wanane, lakini hata marafiki zako hawairudii. Kwanza zima sauti uitazame. Kama huwezi kueleza nani anataka nini, shida iko hapo.

Yetu tuliirekodi ndani ya matatu, jioni, foleni ya Thika Road. Makanga ameshika soda mbili tangu mwanzo. Mwishoni anakunywa moja, nyingine anaiacha kwenye kiti kitupu. Watu walirudisha video nyuma kuangalia nani alikuwa amekaa pale. Droni? Pesa zingetoka wapi!

Ukitaka mwendo wa polepole na midomo ifuate wimbo, rekodi fremu (picha moja moja) 50 kwa sekunde, wimbo ukichezwa kwa kasi maradufu, kisha cheza video kwa fremu 25, wimbo ukiwa kwa kasi yake ya kawaida. Mambo ya kurekebisha rangi za video namwachia mwingine.