Wasomaji wanauliza: Ukuta wa moteri unaonguruma

Swali: Jambo yenu, wahandisi. Nimetengeneza chombo kidogo cha haptiki, yaani cha kuhisi kwa mguso. Nikisukuma mpini, moteri niliyoitoa kwenye printa ya zamani inanirudishia nguvu, kana kwamba mpini umegonga ukuta. Arduino Uno, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ndiyo inayoongoza. Nikiweka ugumu wa nyutoni 400 kwa mita, mpini unanguruma mkononi. Nikishusha hadi 100 unatulia, lakini ukuta unakuwa laini kama godoro. Programu nimeiambatanisha; kila mzunguko inaandika mahali pa mpini kwenye skrini, kwa baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde. Ninunue moteri nyingine?
*Mwanafunzi wa elektroniki, Kampemba, Lubumbashi*

Jibu: Usinunue kitu, ndugu. Kosa liko kwenye huko kuandika. Kwa baudi 9600 herufi moja inakula kama milisekunde 1. Namba kama 12.345, pamoja na alama mbili za kufunga mstari, ni herufi 8. Hifadhi ya Arduino ikishajaa, kila mzunguko unasubiri zaidi ya milisekunde 8. Kwa macho huo ni muda mdogo sana. Kwa vidole ni mwingi, kwa kuwa ngozi inahisi mitetemo ya mamia kwa sekunde. Ndiyo sababu vyombo vya haptiki huendeshwa kwa mizunguko 1000 kwa sekunde.

Fuata nishati, utaona. Mpini unapoingia ukutani, programu bado inashika mahali pa zamani, hivyo inasukuma kidogo kuliko inavyopasa. Unapotoka, programu inadhani bado uko ndani zaidi, inasukuma kupita kiasi. Ukuta unarudisha nishati kuliko ile uliyopokea, na hiyo ya ziada ndiyo unayoisikia ikinguruma. Kinachoweza kuinyonya ni ukinzani wa chombo chenyewe, yaani ule uzito wa mwendo unaotokana na beringi na grisi. Edward Colgate wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kipimo chake: ugumu usizidi ukinzani mara mbili, ukigawanywa kwa muda wa mzunguko. Tuseme ukinzani wako ni nyutoni 0.5 kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Mara mbili ni 1. Gawanya kwa sekunde 0.0083, unapata 120. Basi 100 iko chini ya kikomo, inatulia; 400 imekivuka, inaweza kunguruma. Shusha mzunguko uwe sekunde 0.001, kikomo kinapanda hadi 1000.

Kwa hiyo panda hadi baudi 115200 na uandike mara moja tu kwa kila mizunguko 50. Tumia micros(), saa ya ndani ya Arduino, ili kila mzunguko uanze baada ya mikrosekunde 1000 kamili. Enkoda, yaani kihisio kinachosoma mahali pa mpini, iunge kwenye pini 2 na 3, maana hizo ndizo zenye kukatiza programu papo hapo. Moteri iongozwe na pini 11, ambayo masafa yake yanaweza kupandishwa hadi kilohezi 31 kwa kubadilisha TCCR2B, rejesta inayopanga masafa ya pini hiyo. Ukiiacha na hezi 490 za kawaida, moteri itapiga mluzi nawe utadhani ukuta bado una kasoro.

Kabla ya kurudi kwenye 400, jaribu kwanza 20. Ukiwa umegeuza alama ya kujumlisha na kutoa, moteri itauvuta mpini ndani badala ya kuusukuma nje, na kwa 400 itakuumiza vidole. Weka pia kikomo cha umeme cha ampea 1 ndani ya programu. Moteri iliyoshikiliwa haizunguki, umeme wote unageuka joto: yenye omu 8 inatoa wati 8 bila kupoa. Isilishwe kwa USB ya Arduino. Ipe chanzo chake, ila waya hasi za vyanzo vyote viwili ziungane.

Swali: Gereji za hapa kwetu, mtaa wa Kenya, zina moteri za kufutia kioo cha gari kwa bei nafuu, nazo zina nguvu sana. Zinafaa?
*Fundi, Lubumbashi*

Jibu: Hazifai. Ndani yake mna gia ya skrubu: moteri inaisukuma gia, gia haiwezi kuisukuma moteri. Hata umeme ukizimwa, mpini utabaki mgumu, na hakuna programu itakayokupa hisia ya hewa tupu. Tenga waya, zungusha shafti kwa vidole viwili. Isipozunguka kwa wepesi, iache.

Nguvu utaipata kwa kamba. Puli ya milimita 5 kwenye moteri, kipande cha duara cha milimita 75 kwenye mpini, uzi wa chuma uliosukwa uzungushwe mara 3 au 4 kwenye puli: hapo nguvu inazidishwa mara 15 bila meno yanayokwaruza. Uzi ukilegea utateleza, na ukuta utahama mahali pake polepole.

Swali: Mtu akiongoza mkono wa mashine kutoka mbali, kamera haitoshi? Kwa nini kuhangaika na mguso?
*Msomaji wa Likasi*

Jibu: Urani ya Shinkolobwe, jirani yenu, ilitumika katika mradi wa Marekani wa bomu la nyuklia miaka ya 1940. Vitu vya mionzi havishikwi kwa mkono, na ndiyo kazi iliyomfanya Raymond Goertz, kwenye maabara ya Argonne huko Marekani, abuni mikono inayoongozwa kutoka nyuma ya ukuta mzito. Kioo kinene kinakuonyesha kwamba koleo limegusa chupa. Hakikuonyeshi kwamba limeibana kiasi cha kuivunja.