Mtoto wangu aliomba sentensi moja, nikaumbuka

Juzi dada mmoja alinitumia meseji: "Kaka, mume wangu ni shemasi, kanisani anaomba watu wanalia, lakini nyumbani hajawahi kuomba na sisi. Nifanye nini?" Nilisoma nikiwa kwa matatu Jogoo Road, jam haisongi, nikaona ni kama ameandika kuhusu mimi.

Maana mimi ndiye nilikuwa nashika maiki kesha ya Ijumaa. Naomba mpaka sauti inaisha, halafu Jumamosi asubuhi nafika nyumbani Umoja nampata mke wangu akifua na hata salamu simpi, napita moja kwa moja kulala. Maombi ya nyumbani yalikuwa ya chakula tu, na hayo pia nilikuwa naachia watoto.

Sasa wakati huo nilikuwa na mikopo ya simu, nachukua huu nalipa ule, na mama watoto hajui. Jioni moja stima ikaisha, mimi sina hata mia ya tokeni, tukakaa na mshumaa tumeusimamisha kwa kisahani. Mke wangu akasema basi tuombe. Kijana wetu wa miaka saba akaanza: "Mungu, saidia simu ya baba isikuwe inalia usiku. Amina."

Basi. Hakuongeza kitu. Wengine wakafungua macho, mimi nikabaki nimefumba.

Watoto walipolala nikamwambia mama yao deni lote, 42,000. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilijua kuna kitu, nilikuwa nangoja uniambie." Sitawachosha na miezi ya kulipa, chama chake ndicho kilituokoa. Kile bado kinaniuma ni kwamba nilipoacha maiki nitengeneze nyumba yangu, kati ya wale wote niliokuwa nawaombea hakuna hata mmoja alinipigia simu. Lakini wacha hiyo.

Siku hizi tunaomba kila siku baada ya kula, kabla ya taarifa ya saa tatu, dakika kumi hivi. Simu zote zinakaa juu ya friji. Kila mtu anasema kitu kimoja cha ukweli, si maombi ya kuiga pasta. Hiyo tu. Ukweli, na kila siku, hata ukirudi umechoka, hata mkiwa mmekosana, tena mkiwa mmekosana ndio zaidi.

Na wanaume wenzangu, tuambiane. Yesu alisema kwa Mathayo 6 tusipayuke-payuke, na 1 Petro 3:7 inasema wazi mume akikosa kumheshimu mkewe maombi yake yanazuiliwa. Sasa wewe unakemea mapepo usiku kucha na mwenye unalala naye hamjaongea wiki mbili, unafikiri hayo maombi yanapita wapi? Omba nyumbani. Omba ukweli nyumbani.

Dada yangu, usimngoje shemasi wako na usimhubirie, ana mahubiri ya kutosha. Anza na watoto hapo sebuleni, yeye akiwa amekaa na simu yake. Atasikia tu.

Jana ilikuwa zamu ya kijana tena. Aliombea paka wa jirani na kodi ya nyumba. Hiyo ya kodi nilimwambia mimi mwenyewe.