Nimefuta barua zote, mbona sanduku bado limejaa?

SWALI: Nasimamia seva ya barua pepe ya ofisi, watumiaji kama 200, Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot (inayozihifadhi na kuwafungulia watumiaji), barua zinakaa kwa mfumo wa Maildir. Mhasibu wetu ana kikomo cha GB 5. Kila wiki anaambiwa sanduku limejaa, na anaapa amefuta maelfu ya barua. Fundi mmoja kanishauri niingie kwenye seva nifute faili za zamani kwa rm, au nimwondolee kikomo kabisa. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja.

Mhasibu wako hafuti, anahamisha. Barua inatoka Inbox inaingia Trash, na Trash nayo inahesabiwa ndani ya GB zile zile 5, labda kama uliitoa mwenyewe kwenye hesabu. Lakini usibahatishe. Endesha `doveadm mailbox status -u jina vsize '*'` uone uzito wa kila folda. Kwa wahasibu, mimi mara nyingi naikuta Sent ndiyo imevimba: PDF ya MB 9 ikiambatishwa inakua hadi MB 12 na ushee kwa sababu ya usimbaji wa base64, unaogeuza faili kuwa herufi ili isafiri kwa barua pepe, na nakala inabaki kwa aliyetuma.

Trash iwekee `autoexpunge = 30d`, barua zilizokaa humo zaidi ya siku 30 zifutwe zenyewe. Ukitaka kusafisha leo, tumia `doveadm expunge -u jina mailbox Trash savedbefore 30d`. Ni savedbefore, si before. Ya kwanza inahesabu tangu barua iliposhuka Trash. Ya pili inaangalia siku barua ilipopokelewa, kwa hiyo barua ya mwaka jana aliyoifuta jana kwa bahati mbaya nayo inakwenda. Anza na `doveadm search` yenye masharti hayo hayo uone itagusa nini.

Sasa hiyo rm. Nimechoka nayo. Maildir inaonekana kama folda ya kawaida ya faili, basi kila anayejua amri tatu za Linux anajiona fundi wa barua pepe. Dovecot ina faharasa zake na hesabu zake. Ukiinyofolea faili kwa nyuma, hesabu inaweza kubaki ya zamani mpaka uendeshe `doveadm quota recalc`. Kuna ofisi niliitwa baada ya “usafi” wa aina hiyo. Jamaa aliona faili za dovecot-uidlist, ambamo Dovecot inatunza namba ya kila barua, akadhani takataka, akazifuta kwa watu wote usiku. Asubuhi kila simu na kila kompyuta ikaanza kupakua barua upya, za miaka sita, na mtandao wa ofisi ukalala hadi jioni. Na nafasi iliyotumika haikupungua hata kidogo.

Na kuondoa kikomo? Siku diski ikijaa hakuna atakayeambiwa kwa upole kwamba sanduku lake limejaa. Kama foleni ya Postfix iko kwenye diski hiyo hiyo, inaanza kuwajibu wote wanaoleta barua “452 4.3.1 Insufficient system storage”, yaani nafasi haitoshi, zikiwemo za mkurugenzi ambaye sanduku lake lina MB 300 tu. Mwongeze mhasibu GB 2 kama kazi yake inadai, hilo halina shida. Ila kabla ya kumwongezea yeyote angalia `df -h` uone nafasi iliyobaki, na `df -i` pia uone idadi ya faili ambazo diski bado inaweza kubeba, maana Maildir inaweka faili moja kwa kila barua, na diski inaweza kukataa kupokea huku nusu yake iko wazi.